Fikra Njema Hazipalilii Mahindi

Mtu akiniambia niwaze mema, kwanza namtazama viganja. Vikiwa laini nanyamaza, maana najua hata nikimjibu hatanielewa. Watu wa namna hiyo siku hizi wamejaa kila kona: ukiamka jiambie maneno mazuri, wanasema, tabasamu, amini, maisha yatakunyookea. Haya. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo maneno mazuri yalisemwa kila asubuhi kwa sauti, tena na mtu aliyenyoa ndevu na kupiga viatu rangi, na jioni tukala maboga. Mtu huyo alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Sisi tulikaa chini, upande wa Karatu, mahali mashamba yanapopakana na msitu, ukungu unateremka asubuhi na nguruwe pori wanateremka giza likiingia. Mwisho wa mwezi alikuja na mfuko wa mikate iliyobaki na vipande vya sabuni vyenye harufu ya maua, na sisi watoto tulimpenda kama anavyopendwa mtu anayekuja mara mojamoja. Halafu mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Watalii wengi walikuwa wanapitia Nairobi, kwa hiyo barabara ya kreta ikabaki na vumbi lake na malori ya serikali. Hoteli ikapunguza watu. Wenzake baba walirudi makwao, wakakunja sare, wakashika majembe. Baba yangu alirudi na sare nyeupe mbili, viatu vyeusi, na falsafa.

Falsafa hiyo aliipata kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikaa meza ya dirishani. Bibi alimwambia, huku akipaka siagi mkate wake, kwamba mtu huwa vile anavyowaza: ukiwaza heri, heri inakuja; ukiwaza shari, umeiita mwenyewe. Basi bibi akamaliza chai yake, akapanda gari, akaenda zake kwao, na sisi tukaachiwa falsafa yake kama sufuria lililoungua, tulisugue wenyewe. Baba aliisimulia habari hiyo mara nyingi mno, na kila aliposimulia bibi alizidi kuwa na hekima. Mwishoni alikuwa karibu anakuwa nabii.

Kila asubuhi, jua likishakausha umande, baba alivaa sare, akafunga vifungo vyote mpaka cha kooni, akasimama uani akitazama barabara inayopanda msituni. "Leo watakuja," alisema. Hawakuja. Kesho yake alisema tena, kwa tabasamu lilelile, na wala hakuonekana kuwa alishawahi kusema jana. Ukimwuliza, alisema subira huvuta heri. Ni kweli huvuta heri, lakini haijapata kuvuta jembe.

Miaka ile sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama. Duka la kijiji likipata mche mmoja, watu walipanga foleni tangu alfajiri na wengi waliondoka mikono mitupu. Kipande kilichofika kwetu kilikuwa cha sare. Gauni langu la shule nililifua kwa maji ya majivu, likachujuka mpaka mwalimu akaniuliza kama tuna msiba nyumbani. Baba aliiloweka sare, akaisugua kola kwa vidole viwili, akaianika kivulini isififie, kisha akainyoosha kwa pasi ya mkaa. Mkaa huohuo ndio uliokuwa uchemshe maharage. Nilimdharau baba yangu, nasema wazi, na sijaona bado sababu ya kubadilisha neno hilo.

Jembe hakuligusa. Alisema mikono ya mhudumu ikiota sugu wageni wanaiona wakati anaweka sahani. Lakini hiyo ilikuwa sababu ya juujuu. Sababu yenyewe alimwambia mama, nikiwepo: akishika jembe atakuwa amekubali kwamba watalii hawarudi, na akikubali hivyo hawatarudi kweli, na kosa litakuwa lake. Yaani mtu mzima, mwenye watoto, aliamini kwamba magari ya Nairobi yamesimama mpakani yakisikiliza kama yeye analima au halimi.

Kama ingekuwa ni huyo mmoja tu, mama yangu angeweza kupumua. Lakini ng'ambo ya korongo alikaa mjomba, kaka yake mkubwa mama, na mjomba alikuwa upande wa pili wa shilingi ileile. Ng'ombe wake akizaa, aliuliza ndama atakufa lini. Mvua ikichelewa, alisema hiyo ndiyo njaa. Ikinyesha, alisema hiyo inaleta kutu ya ngano. Ikinyesha vizuri, alisema Mungu anatunenepesha kama mbuzi wa sikukuu. Aliwahi kumpa pole bibi harusi. Shamba lake alilima kiraka kidogo tu karibu na mlango, maana kulima zaidi ni kuwalimia panya. Alikuja kwetu karibu kila siku, akaketi kwenye kigogo karibu na baba, mmoja akisema mambo yatakuwa mazuri, mwingine akisema tumekwisha, na mama akipita katikati yao na mtungi wa maji mgongoni. Waliitwa watu tofauti kama usiku na mchana. Mimi niliyewapelekea uji sikuona tofauti yoyote, wote wawili walikuwa wamekaa.

Sasa, tulikuwa na shamba. Si bustani ile ya nyuma ya nyumba ambayo mama aliilima peke yake na kutoa maboga. Nasema shamba lenyewe, lile linaloteremka mpaka korongoni, udongo mwekundu mzito, alilokuwa akilima babu mzaa baba. Baba alipokuwa hotelini lililimwa na vibarua kwa mshahara wake. Mshahara ulipokatika, shamba likalala. Majani yakaota hadi kiunoni, nguruwe pori wakazalia humo, na watu waliokuwa wamehamishiwa kijijini kwetu wakati wa operesheni ya vijiji, wakapewa vipande vya mawe, walikuwa wanalipita kila siku wakienda kuchota maji na kulitazama. Mimi kama ningekuwa wao ningelitazama vilevile.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji akaja na wajumbe wawili. Hakuwa mtu mbaya. Aliketi, akanywa maji, akasema kamati imekaa na imeamua: ardhi ni ya kijiji, haiwezi kulala wakati watu hawana pa kulima. Masika haya yakipita shamba lile halijageuzwa, linapewa kaya nyingine. Alisema akimtazama baba. Baba akamshukuru kwa kufika, akamwuliza kama angependa maji zaidi.

Wageni walipoondoka mama alibaki amesimama pale uani. Bila shamba lile tungebaki na bustani ya maboga, na yeye na sisi watoto tungekwenda kuvuna ngano za wenyewe tukilipwa debe, mpaka tuzeeke. Alimwambia baba hivyo. Baba akamwambia asiwaze hivyo, ndiko kuita mabaya; kabla ya masika watalii watakuwa wamerudi, ataajiri vibarua, shamba litameremeta. Jioni mjomba akaja akasikia habari, akasema afadhali mmejua mapema, maana hata mkilima watalichukua tu. Mama alichukua mtama wake wote aliokuwa ameuficha darini, akaanza kuuotesha kwa ajili ya pombe.

Hapo lazima nieleze mambo ya kwetu. Shamba kubwa huliwezi peke yako. Unapika pombe, unaalika majirani, wanakuja na majembe, wanalima, mchana wanakunywa. Hakuna ujira. Leo kwangu, kesho kwako. Lakini jembe halitui ardhini mpaka mwenye nyumba asimame kwenye kona ya shamba na kusema maneno mema: udongo uwe baridi, mvua iwe ya taratibu, watu wasijikate, watoto washibe. Watu wanaitikia, ndipo wanainama. Na ni mwenye nyumba mwanamume. Mwanamke akisema yeye wakati mumewe yu hai, amemtangaza marehemu. Tena neno baya likisemwa kwenye kona ile kabla ya jembe la kwanza, ni balaa. Wazee wanasimamisha kazi na msemaji anatozwa faini. Wazee wetu nao waliamini maneno yana nguvu, kama yule bibi wa Kizungu. Tofauti ni kwamba wao walipomaliza kusema walishika majembe.

Mama alialika nyumba kwa nyumba, nami nikimfuata. Wote walisema watakuja, na wote wakauliza swali moja: mwenye nyumba atasema? Mama akajibu atasema. Nilimtazama nikidhani amerukwa na akili, maana baba alikuwa ameshakataa. Alisema hawezi kusimama na kubariki majembe, kwani hiyo ni kutangaza mbele ya mbingu na nchi kwamba yeye ni mkulima, na mbingu zitamshika neno. Mama alikuwa ameinamia sufuria la pombe, akakoroga tu.

Siku ikafika, ukungu ukiwa bado miguuni. Watu walikuja wengi, wanaume na wanawake, majembe mabegani, wakasimama kwenye kona ya shamba. Wakasubiri. Baba alikuwa ndani ananyoosha sare. Watu wakaanza kutazamana, wengine wakakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kwenda kwake. Mzee wa eneo letu, ambaye wote tulimwita Aako, yaani babu, aliegemea fimbo yake na kutazama mlango wetu.

Ndipo mjomba akaona ametafutiwa nafasi. Akasogea mbele, akawaambia watu warudi tu nyumbani kwao. Mvua hizi haziji, alisema, na zikija mtakuwa mmewalimia wengine, hapa mnachimba kaburi.

Mwanamke mmoja alishusha jembe lake begani taratibu kama anayeshusha mtoto aliyelala. Neno kaburi, kwenye kona ya shamba, kabla ya jembe la kwanza, limesemwa na ndugu wa mwenye pombe. Nilijua tumekwisha, na nilimchukia mjomba kwa chuki ambayo sijapata tena kumchukia nayo mtu.

Mama akaingia ndani. Nilimfuata mpaka mlangoni. Sikumsikia akimbembeleza mumewe, hakulia, hakupiga kelele. Alimwambia jambo moja kwa sauti ya kawaida: "Baba watoto, watu wamejaa hapo nje na hakuna aliyewapokea."

Mngemwona. Pasi aliiweka chini kama imemchoma. Mtu ambaye shamba la baba yake lilikuwa linakwenda na hakushtuka, watoto wake walikula maboga mwezi mzima na hakushtuka, sasa alishtuka mpaka jasho, eti kuna watu wamefika na hawajapokewa. Akavaa sare ikiwa na joto la pasi, akafunga vifungo, akatoka karibu anakimbia. Akasimama mbele ya wale watu wenye matope miguuni, mgongo umenyooka, mkono mmoja nyuma, akainamisha kichwa.

"Karibuni sana," alisema. "Tunafurahi kuwaona. Jisikieni mko nyumbani, mkihitaji chochote semeni. Na siku yenu iwe njema."

Vijana wakaanza kucheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze pale pale na majani yake. Lakini Aako alinyanyua fimbo, kicheko kikafa. Akafikiri. Mzee yule alikuwa amesikia maneno ya kubariki tangu kabla ya Wajerumani kuondoka, na nadhani hajapata kusikia hafifu kama yale. Mwishoni akasema, amesema tumekaribishwa, amesema siku iwe njema, amesema kwa mdomo wake mwenyewe na ni mwenye nyumba, mimi nimesikia. Watu wakaitikia. Kisha akamgeukia mjomba, akasema neno baya nalo limesikika, na faini yake ni ngwe ya korongoni, ile yenye mizizi, aanze yeye. Mjomba akasema mgongo wake hautapona. Aako akamwambia mgongo usipopona tutajua alisema kweli.

Majembe yakashuka. Bado nausikia ule mshindo, na bado unanipa raha kuliko kengele za kanisa. Mjomba alilima ngwe yake akilalamika toka mwanzo mpaka mwisho, na ililimika kama za wengine, maana udongo hausikilizi unachosema ukiwa unaupiga. Baba naye alikuwa akizunguka na vibuyu vya pombe, ananong'ona samahani kila anapomkaribia mtu kwa nyuma. Hakuinama hata mara moja. Kufika alasiri shamba lote lilikuwa jekundu mpaka korongoni, na mama alikaa kwenye ukingo, miguu ameinyoosha mbele, hawezi hata kunyanyua kata ya maji.

Tulipanda mahindi na ngwara, yale maharage ya kutambaa ya kwetu. Halafu ikaja ile kazi isiyokuwa na pombe wala watu: kupalilia mara ya kwanza, kupalilia mara ya pili, kulinda. Mimi na mama tulijenga kibanda upande wa msitu, tukapiga madebe kufukuza nguruwe pori, na nyati akishuka tulikaa kimya tukimwomba Mungu ageuke mwenyewe. Mvua ilikuwa ya wastani. Si kama baba alivyosema, si kama mjomba alivyosema. Mvua haina habari na mtu.

Mahindi yalipokomaa baba alikula la kwanza la kuchoma, akalisifu, akafuta midomo kwa kitambaa. "Si niliwaambia?" alisema. "Nilisema mambo yatakuwa mazuri." Mjomba, aliyekuwa na lake mkononi, akasema bungua, wadudu wa kutoboa punje, wako njiani. Nikawatazama wale wawili wakitafuna, kila mmoja ameridhika na mawazo yake, nikaondoka nikaenda kukata kuni, kwa sababu nilikuwa na shoka karibu na sikujiamini.

Kamati ikarudi baada ya mavuno, safari hii kwenye mkutano wa kijiji, watu wote wamekaa kwenye nyasi. Mwenyekiti alisema shamba limelimwa na kamati imeridhika; sasa itamkwe mbele ya watu msimamizi wake ni nani, yasije yakatokea maneno tena. Alikuwa anasema kwa utaratibu tu. Wote tulijua ni baba. Kwetu shamba hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Mwanamke analima, lakini shamba haliitwi lake.

Baba akasimama na sare yake. Alitabasamu kama anayekataa kiti kwa adabu. Akasema mambo ya majembe aulizwe mama watoto, hayo ni yake. "Mimi hapa napita tu," alisema, na akaonyesha kwa kidevu milima ya kreta.

Watu waligeuza shingo. Mwenyekiti akamwuliza kama anajua anachokisema na mbele ya nani. Baba akasema anajua sana, asije akafungwa kamba na vitu vya huku chini wakati wowote ataitwa juu. Hakuwa anamheshimu mama, msije mkamsingizia wema. Alikuwa analikataa shamba kama mtu anavyokataa nguo ya mitumba.

Mama alinyanyuka. Hakuwa na kawaida ya kusema mikutanoni. "Arudie," alisema, "na walio nyuma wasikie."

Baba akarudia kwa furaha, kwa sauti ya kutangaza chakula. Mwenyekiti akatamka basi, kuanzia leo shamba lile liko mkononi mwa mama huyu, na yeye ndiye mwenye kauli juu yake. Aako aliitikia, watu wakaitikia. Mjomba alisema subirini muone watakavyomroga. Mama alikaa chini akajifunika uso kwa khanga, na mabega yalikuwa yanacheza. Nilidhani analia. Nilipoinama nikakuta anacheka.

Miaka ikapita, ya unga wa njano na ya foleni. Shamba lilitulisha yote. Baba aliendelea kupita. Kila asubuhi uani, sare imeshaanza kuwa nyembamba viwikoni, leo watakuja. Mama alimtengea chakula, akamfulia alipougua, akamjibu kwa heshima. Hakumwomba tena jambo lolote. Mimi nilidhani ni uvumilivu, watu walimsifu kwa uvumilivu. Kumbe alikuwa ameacha tu kumhesabu.

Halafu, jamani, watalii wakarudi kweli. Mpaka ulifunguliwa, na baada ya muda magari yenye madirisha makubwa yakaanza tena kupanda msituni. Baba hakulala. Alituamsha wote tumwone anavyotoka, viatu vinang'aa, akapanda lori la mbao kwenda juu. Alirudi baada ya siku chache kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Kule amekuta vijana waliosomea kazi hiyo chuoni, na meneja asiyemfahamu, ambaye alimpa chai jikoni na kumwambia asubiri, wakimhitaji watamwita. Baba alitusimulia hayo kama habari njema. Amesema watamwita, alisema, na alikuwa mstaarabu sana.

Lakini nadhani safari ile ilimpasua mahali fulani, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakusubiri. Alitafuta mpango. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa na Landrova kuukuu, akasema ataitoa kwa kipande cha shamba letu kilichogusa barabara. Baba aliona tayari amewapakia Wazungu anawateremsha kreta. Akaenda kwa mwenyekiti apewe baraka ya kijiji, kifua mbele. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha mkutano ule. Kile kipande si chako kukitoa, akamwambia. Kamwombe mwenyewe.

Alikuja jioni. Mama na mimi tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, rundo kubwa, mwaka huo tulikuwa tumejaliwa. Baba alisimama mbele yetu na sare yake. Alimwuliza mama kama ni kweli shamba la baba yake halimo mikononi mwake. Mama akasema ni kweli. Akamwuliza kama atampa kile kipande. Mama akasema hapana, akaendelea kupukuchua.

Nilimwona baba anatazama nyumba, ghala, ng'ombe wawili walionunuliwa kwa ngwara, mimi ambaye sasa nilikuwa na urefu wake, kama mtu aliyeshushwa na gari mahali asipopajua. Kisha lile tabasamu likarudi, polepole, likakaa mahali pake.

"Usijali, mama watoto," alisema. "Mambo yatakuwa mazuri."

Mama akatupa gunzi kando, akanyanyua uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonifanya niache kupukuchua.

"Yalishakuwa mazuri zamani, baba watoto," alimwambia. "Wewe tu ndiye hukuwepo."